Mkono wa Mudrik na Nyumba ya Bi Khamisa

Wageni walipokuja ofisini kwetu, mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Mudrik Jaku. Hakuwa mkubwa wa ofisi wala hakuwa msemaji. Alikuwa mchora ramani, na kilichowavuta watu ni mkono wake. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, wakati ramani zote za Unguja zilichorwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi laini inayopitisha mwanga. Mudrik aliinamia meza, akashusha pumzi, kisha akavuta mstari kutoka ukingo huu hadi ukingo ule bila ya kunyanyua kalamu. Herufi zake ungeapa kwamba zimepigwa chapa. Mgeni alisogeza uso aone vizuri, na Mudrik alingoja kwa adabu aondoke, kwa sababu kichwa cha mgeni kilimzuilia mwanga.

Alizaliwa kisiwa cha Tumbatu, akaja mjini kusoma na hakurudi. Alimuoa Zeyana, mshonaji wa nguo za maharusi, wakaishi Mwembetanga katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Mtoto wao mmoja, Mcha, aliolewa Pemba akiwa bado msichana. Mudrik hakuwa na makuu. Alikwenda kazini kwa miguu, akarudi kwa miguu, akaswali, akalala. Fahari yake ilikuwa moja tu, mkono wake, na huo mkono ndio uliomtupa.

Ulianza nyumbani, kwa kikombe cha kahawa. Kahawa ilimwagika kwenye kanzu, Zeyana akadhani mumewe ana njaa. Ikamwagika tena. Halafu ufunguo ukawa hauingii kitasani mara ya kwanza. Mkono ukiwa umepumzika pajani ulikuwa mzima kabisa, lakini ukitumwa jambo, na hasa jambo dogo la kutaka utulivu, ulianza kutikisika kama jani la mpapai. Mudrik hakumwambia mtu. Kazini alijifunza kungoja wenzake watoke kwenda kunywa chai, ndipo achore sehemu ngumu, kiwiko amekibana mezani na mkono wa kushoto umeshika kifundo cha wa kulia. Alifanikiwa hivyo kwa muda mrefu kuliko mtu angedhani.

Siku aliyoshindwa, alikuwa akiandika majina ya vichochoro vya mitaa ya Ng'ambo, na mkuu wa ofisi, Bwana Masoud, aliingia na wageni. Wakasimama nyuma yake. Mudrik alijaribu kungoja waondoke, nao wakangoja aandike. Alipogusa karatasi, kalamu ilikata mtaa mzima kwa mstari mweusi uliopinda, kisha wino ukatiririka. Wageni walipotoka, Bwana Masoud alirudi peke yake akavuta kiti.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Si leo," alijibu Mudrik.

Alipelekwa kwa daktari. Daktari alimwambia anyooshe mikono, kisha achore duara, akalitazama lile duara na kuuliza kama kuna mwengine kwao mwenye hali hiyo. Mudrik alimkumbuka baba yake. Mzee Jaku alitetemeka mikono mpaka kufa kwake, na watu wa kisiwani walisema kapigwa na shetani wa pwani kwa sababu alijenga kibanda kwenye njia yake. "Basi shetani huyo yumo damuni mwenu," alisema daktari bila ya kucheka. "Ni maradhi ya kurithi. Hayaui, lakini dawa ya kuyamaliza hatuna."

Bwana Masoud alikuwa mtu mwema. Alimhamishia kwenye stoo ya ramani za zamani, mshahara ukawa ule ule, akamwambia aupumzishe mkono. Mudrik alishukuru. Akakaa stoo miaka, kati ya makabati na harufu ya karatasi zilizoota ukungu, akiwatolea watu ramani na kuzirudisha. Tulipompitia tulimsalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaoingia kwenye matanga, na naona hilo lilimuumiza kuliko stoo yenyewe. Kwenye maulidi na harusi alikataa kahawa. "Nimefunga," alisema kila mara. Mtaani wakaanza kumwona mcha Mungu mkubwa, mtu asiyeachia siku ya kufunga, naye akazidi kuona haya.

Kompyuta zilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kazi ikawa kuzipiga picha ramani za zamani, kuziweka pamoja na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na kuzichora upya kwenye skrini, nyumba moja moja. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Kawthar, binti wa Shangani, wa familia ambayo zamani ilikuwa na mashamba na sasa ilikuwa na nyumba moja kubwa inayovuja. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kusomea kazi hiyo. Alikuja stoo kila siku kuchukua ramani, na Mudrik ndiye aliyemwambia ipi ni ya mwaka gani na ipi ilichorwa na nani.

"Ami Mudrik," alimwambia siku moja, "njoo ukae na mie kule juu. Nnachora nyumba za Mchangani, na wewe unazijua. Hutaki kuona zinavyochorwa?"

Akaenda kuona. Kawthar alimwonyesha. Kila nyumba ni umbo lililofungwa: unabonyeza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, unarudi ulikoanzia, na umbo linajaa rangi. Wao waliliita poligoni. Ukikosea hufuti karatasi. Unaikamata ile kona moja na kuivuta mpaka mahali pake, na kuta mbili zinazokutana hapo zinaifuata. Ukihitaji kona mpya, unaipachika katikati ya ukuta. Mudrik alitazama kwa hamu, kama fundi anavyotazama chombo kipya.

"Hebu jaribu wewe," alisema Kawthar, akamsogezea mausi.

"Mie nshaacha kuchora."

"Jaribu kona moja tu."

Aliweka mkono. Mshale kwenye skrini ukaanza kurukaruka kama mbu, ukabonyeza kwenye barabara, ukabonyeza juu ya paa la msikiti. Mudrik aliuondoa mkono na kuuweka mapajani. Akaaga kwa upole, akashuka stoo.

Kawthar hakumfuata. Siku ya pili alikuja kurudisha ramani, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ami, nimeirekebisha ile mashine. Mausi nimeipunguza mwendo. Na kuna kitu chengine nataka nikuoneshe. Dakika moja, halafu ntakuacha."

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Mashine ilikuwa na uwezo wa kudaka. Mshale ukifika karibu na kona iliyokwisha kuchorwa, kona ile huuvuta na kuukamata, ili kuta za nyumba mbili zilizoshikana zikutane barabara bila ya kuacha upenyo. Umbali wa kudakia unaweza kuupanga mwenyewe, na Kawthar alikuwa ameuongeza.

"Huna haja ya kufika pale penyewe," alimwambia. "Ukikaribia tu, inakudaka."

Mudrik alishika mausi. Mshale ulikwenda ukitetemeka, ukakaribia kona ya nyumba ya jirani, na ghafla ukatulia. Akabonyeza. Akaenda kona ya pili, mshale ukatetemeka, ukatulia. Umbo likafungwa, likajaa rangi, na kuta zake zilikuwa zimenyooka. Hapakuwa na alama yoyote ya mkono wake ndani yake. Alichora la pili, akachora la tatu. Kisha akainuka akasema anakwenda kunawa uso, na alikaa huko muda.

Jioni hiyo alimkuta Zeyana uani akikunja vitambaa.

"Leo nimechora, Mama Mcha."

"Kwa mkono upi?" aliuliza Zeyana.

"Huu huu."

Zeyana aliviweka vitambaa chini akamwambia aketi amhadithie. Alihadithiwa mpaka chakula kikapoa.

Mudrik alipewa meza na mashine yake. Katika mwaka ule na uliofuata alichora sehemu kubwa ya Ng'ambo. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na alijifunza mambo ambayo Kawthar mwenyewe alikuwa akiyaonea uvivu, kama vile kulikata umbo moja kuwa mawili pale warithi walipogawana nyumba kwa ukuta, au kutoboa tundu katikati ya umbo pale nyumba ilipokuwa na ua wa ndani. Pale ambapo hapakuwa na kona ya kudakia, Kawthar alimwekea vinukta vya kuanzia. Ramani zake zilipendeza. Nyumba zilishikana bega kwa bega bila ya pengo. Sote tulifurahi kumwona amerudi, na hakuna aliyejiuliza kama zilikuwa zimeshikana mno.

Ramani hizo zikatumika kwenye mradi wa kupeleka maji katika mitaa. Watu wa mradi walipita na rangi nyekundu, wakapiga namba kila mlango uliokuwa kwenye ramani, na mlango wenye namba ndio ungepelekewa bomba. Haukupita muda, mwanamke mmoja mtu mzima akapanda ngazi za ofisi yetu, buibui limejaa vumbi, akasimama mlangoni kwa wachora ramani.

"Asalaam alaykum. Nyie ndio mnaochora nyumba za watu?"

"Waalaykum salaam. Shikamoo, Bi," alisema Kawthar. "Ndio sisi. Karibu ukae."

"Marahaba. Nikikaa ntasahau nnachotaka kusema." Alijitaja kuwa ni Bi Khamisa, anakaa nyuma ya Mlandege, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. "Wamepita watu na rangi. Kulia kwangu wamepiga namba, kushoto kwangu wamepiga namba. Kwangu wamepita kama wanaopita ukutani. Nnamuuliza yule kijana, na mie je? Ananionesha karatasi. Ananambia, Bi, hapa hapana nyumba. Nnamwambia, na huu mlango uliouegemea, wa nani?"

Kawthar alitaka kucheka, akajizuia, maana mama wa watu hakuwa akicheka.

"Miaka yote nnachota maji kwa jirani," aliendelea. "Sasa bomba linakuja, naambiwa mie sipo. Nataka mnioneshe nlipokwenda."

Mudrik alikwisha kuufungua mtaa ule kwenye skrini. Kwenye picha ya ndege, kati ya mapaa mawili makubwa ya mabati, palikuwa na ukanda mwembamba wa kijivu, mwembamba kama utepe. Kwenye ramani yake ukanda ule haukuwepo. Nyumba mbili kubwa zilikuwa zimegusana.

Alielewa papo hapo. Nyumba ya Bi Khamisa ilikuwa nyembamba kuliko umbali wa kudakia. Kila kona yake aliyoibonyeza ilivutwa na kona ya jirani. Kuta zake mbili zikaangukiana, umbo likabaki uzi usio na upana, na siku ya kusafisha ramani, nyuzi zote za namna hiyo zilifutwa kwa amri moja kama uchafu. Kile kilichomrudishia mkono wake ndicho kilichoimeza nyumba ya mjane.

Walimwahidi Bi Khamisa kwamba watakuja kwake. Alipoondoka, Kawthar alifunga mlango.

"Ami, umbali ule nliuweka mie. Ntamwambia Bwana Masoud ni kosa langu."

"Uliuweka kwa ajili ya mkono wangu."

"Basi ndio hivyo, mie nliuweka."

"Na mkono ni wangu, mwanangu. Wacha nende."

Alijua anachokiendea. Stoo ilikuwa bado ipo, na kiti chake kilikuwa bado kimo ndani. Alimweleza Bwana Masoud kila kitu akiwa amesimama. Bwana Masoud alisikiliza, akavua miwani, akajifikicha macho.

"Ziko ngapi nyengine zilizopotea hivyo?"

"Sijui. Ndiyo maana naomba nende nikaangalie, mtaa kwa mtaa."

"Nenda. Ukimaliza tutazungumza."

Neno hilo la mwisho Mudrik alitembea nalo wakati wote wa kazi. Walikwenda wawili, yeye na Kawthar, na ramani iliyochapishwa na futikamba. Walipita vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani. Walikuta kibanda cha fundi saa kilichokuwa hakipo kwenye ramani, na chumba cha nyuma ambamo mzee Matar, mpishi wa zamani wa melini, alikuwa akiishi peke yake na paka wake. Walikuta majiko, vyoo, na uchochoro mmoja uliozibwa na ramani ingawa watoto walikuwa wakikimbia ndani yake. Kila walipokuta kitu, Mudrik aliwaomba radhi wenyewe. Wengi hawakuelewa anaomba radhi ya nini. Mzee Matar alimwambia kwamba yeye hajawahi kujali kuwemo kwenye ramani ya mtu, lakini maji, kama yapo, atayapokea.

Nyumba ya Bi Khamisa waliiacha mwisho. Ilikuwa chumba mbele, chumba nyuma, na kijiua cha kupikia kilichofunikwa na makuti. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unakaribia kuzigusa kuta zote mbili. Kila kitu ndani kilikuwa kimepangwa kwa mtu anayejua thamani ya nafasi. Kawthar alishika ncha moja ya futikamba, Mudrik akashika nyengine, na Bi Khamisa aliwafuata nyuma kuhakikisha hawaachi hata pembe.

Walipomaliza aliwaletea kahawa.

"Nimefunga," alisema Mudrik.

Bi Khamisa alimtazama. Alikuwa ameshauona mkono ule ukihangaika na futikamba. Hakumbishia. Aliingia chumba cha nyuma akarudi na kibakuli kirefu cha udongo, akamimina kahawa robo tu.

"Marehemu alikuwa akinywea hichi uzeeni," alisema. "Shika kwa mikono miwili. Humu haimwagiki."

Kawthar akageuka kuiangalia kalenda ya ukutani, akaiangalia kwa muda mrefu. Mudrik alishika kibakuli kwa mikono miwili. Kahawa ilicheza ndani, haikufika ukingoni. Akanywa. Alikuwa hajanywa kahawa mbele ya watu wasio wa nyumbani kwake tangu enzi za wino, na alisema baadaye kwamba ilikuwa na tangawizi nyingi mno, lakini aliomba nyengine.

Bwana Masoud hakumrudisha stoo. "Umekosa na umekuja mwenyewe," alimwambia. "Rudi mezani kwako. Lakini umbali wa kudakia urudi ulivyokuwa, kwa kila mtu."

Basi ikawa Mudrik amebakishiwa meza na kunyimwa mkongojo wake. Umbali ulipopunguzwa, mshale ulirudi kuwa mbu. Wiki ile ilikuwa mbaya. Alibonyeza na kufuta, alibonyeza na kufuta, na mara moja alifika mpaka mlango wa Bwana Masoud kuomba arudishwe stoo, akakuta ana wageni, akarudi.

Njia aliipata kwa kuhangaika. Alikuwa akiikuza picha ya nyumba ya Bi Khamisa aione vizuri, akaendelea kuikuza, mpaka ule utepe wa kijivu ukajaa skrini nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Akajaribu kona. Mkono ulitikisika vile vile, lakini sasa ukuta ulikuwa mrefu kama meza, na mtikisiko uliokuwa ukivuka nyumba nzima haukuzidi unene wa tofali. Akaichora nyumba ile kwa kona zake zote, na kijiua chake, na mlango ukatazama unakotakiwa kutazama. Ilimchukua asubuhi nzima.

Tangu hapo ndivyo alivyofanya kazi. Alikuwa wa polepole kuliko wote. Miraji, kijana aliyeajiriwa baadaye, alisema mzee anachora kwa darubini, na Mudrik alicheka pamoja naye. Bwana Masoud, aliyejua kupanga watu, alimpa vichochoro na vibanda, mahali ambapo hata mwenye mkono mzima angehitaji kwenda taratibu. Na Mudrik aliomba jambo moja akakubaliwa: ramani ya mtaa isitoke ofisini kabla ya mtu kuupita mtaa huo kwa miguu. Kuna waliolalamika kwa jua na vumbi, Miraji wa kwanza, lakini utaratibu ulibaki.

Bomba la Bi Khamisa lilifika. Siku nyengine lilitoa maji, siku nyengine lilitoa upepo, kama mabomba ya wenzake wote. Alipomwona Kawthar sokoni Darajani alimuuliza kama ramani imemsahau tena.

Kawthar aliolewa akaenda Maskati. Mudrik alipelekwa kwa muda kuchora viwanja vilivyopimwa Fumba, miraba mitupu kwenye mawe na vichaka, yote sawa. Mkono haukumsumbua huko, hapakuwa na kitu kidogo cha kukosa. Lakini alirudi kwa Bwana Masoud kuomba ahamishwe. "Unamaliza mtaa mzima," alisema, "na humjui hata mtu mmoja."

Akarudishiwa Ng'ambo yake, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Umbo la mwisho alilolirekebisha lilikuwa nyumba moja ya Kikwajuni iliyoangushwa na mvua za masika, wenyewe wakaijenga upya wakaongeza kibaraza cha mbele. Alikwenda kukiona kwanza, akapiga soga na wenyewe mpaka karibu na adhuhuri. Kisha akarudi ofisini, akaikuza picha, akapachika kona mbili mpya kwenye ukuta wa mbele, akazivuta mpaka barazani, akahifadhi, akazima mashine. Tulimtaka aseme neno la kuaga. Akasema anatumai kibaraza kile hawatakibomoa kabla ya Miraji kujifunza kutembea mitaani.